Mzee Tazama Tena Ateremka Mtini

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kupanda miti, Mzee Tazama Tena, mpandaji mkuu wa Kitengo cha Miti, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake halisi limo kwenye barua ya ajira, kwa anayelihitaji. Sisi tumemwita Tazama Tena kwa muda mrefu kiasi kwamba hata mkewe, akipiga simu ofisini, humuulizia hivyo hivyo.

Niliambiwa niandike wasifu huu kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nadhani sababu ya kweli ni kwamba niliolewa wiki sita zilizopita, na siku hizi nikiombwa lolote naitikia ndiyo kabla mtu hajamaliza kusema. Mnisamehe basi mkiona furaha yangu inamwagikia kwenye karatasi ya mwenzangu. Mume wangu, yule mnayemwita Mrefu, ni mpandaji aliyefundishwa na Mzee. Mimi ni mshika kamba wa chini. Mapenzi yetu yote yametokea kati ya ardhi na tawi la kwanza, na Mzee alikuwa katikati, anakagua.

Mzee alianza kazi akiwa mfyeka nyasi wa bustani. Enzi hizo mtu alipanda mti kwa ngazi, amejifunga kamba ya katani kiunoni, na akifika juu ya ngazi yanayobaki anamwachia Mungu. Leo tuna hanesi zenye mikanda ya mapajani, karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, zinazojifunga zenyewe, kofia ngumu zenye kamba ya kidevu, na kamba za kupandia ambazo ukizishika mkononi unatamani kuzilalia. Kila kimoja kati ya hivyo kilipatikana baada ya Mzee kuandika barua, kungoja, kisha kuandika nyingine. Mkurugenzi wetu aliwahi kukiri mkutanoni kwamba anaufahamu mwandiko wa Mzee kuliko wa watoto wake mwenyewe.

Ambao hamjawahi kuingia stoo yetu, mmekosa kitu. Ni chumba kirefu nyuma ya karakana, chenye dirisha moja ambalo Mzee alilipaka rangi nyeupe ili jua lisizichome kamba. Kamba zimening'inia kwenye vigingi, kila moja na kipande chake cha bati: siku ilipoanza kazi, nani huitumia, mti gani uliwahi kuichuna. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alizifua kwenye beseni kwa sabuni laini, akazianika kivulini, halafu akazipitisha moja moja mikononi, macho ameyafumba, akitafuta mahali palipolegea au kuvimba. Kamba iliyochoka aliikata vipande papo hapo, isije ikamshawishi mtu. Nusu ya mabanda ya kuku ya wafanyakazi wa idara hii yamefungwa kwa vipande hivyo.

Na ole wako uikanyage kamba yake! Mkurugenzi alifika siku moja na wageni, akasimama na viatu vyake vinavyong'aa juu ya kamba mpya, akieleza mipango ya mwaka. Mzee alimwacha amalize sentensi. Kisha akamwambia kwa upole, "Mkubwa, umesimama juu ya uhai wa mtu." Mkurugenzi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe na beseni. Tangu siku hiyo barua za Mzee zilianza kujibiwa haraka.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua lolote. Nilimwona Mzee akirusha kifuko kidogo cha mchanga chenye uzi, kikapita juu ya panda ya tawi lililo juu kiasi cha nyumba tatu na kuangukia pale pale alipotaka, kisha uzi ukaivuta kamba juu. Nikadhani sasa mtu anapanda. Kumbe bado. Sheria ya Mzee ni kwamba watu wawili waning'inie kwanza pamoja kwenye kamba, wakiwa chini, ili tawi lionyeshe kama lina nia mbaya. Akanitazama, akamtazama kijana mmoja mrefu aliyekuwa anajifanya anapanga misumeno, akasema, "Nyinyi wawili, ning'inieni hapo." Tulining'inia. Tawi halikutikisika hata kidogo. Mimi ndiye niliyetikisika, na mpaka leo sijatulia.

Ni Mzee pia aliyenifundisha fundo la kushika, ambalo mpandaji hulitegemea kwa kila kitu. Unazungusha kamba fupi mara kadhaa kwenye kamba kuu. Ukiliegemea kwa uzito wako wote, linakaza na kukubeba. Ukilisukuma kwa mkono, linateleza na kukupa nafasi. Nilipolielewa niliduwaa. Nikajiambia, nikija kuolewa nataka mume wa namna hii hii.

Basi Mrefu akaamua kunichumbia. Alikuwa juu ya mjakaranda, mimi chini, akaniita nipokee mfuko wa vifaa. Mfuko ukashuka kwa kamba, ndani yake mna kitambaa, ndani ya kitambaa mna pete. Kabla sijaigusa, Mzee alinitangulia, akaliangalia fundo la kile kitambaa, akapaza sauti, "We Mrefu! Fundo hili halifai kushushia hata soksi. Pandisha, funga upya." Na pete yangu, nawaambia ukweli, ikarudi juu. Nilisimama pale robo saa nzima nikiwa mchumba wa nusu, msumeno umezimwa, wafanyakazi wote wameegemea gari wakicheka. Iliposhuka mara ya pili, kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri mno hata ikanibidi nitumie meno. Mzee akakagua, akatikisa kichwa kukubali, kisha akajipangusa macho na kusingizia vumbi la mbao.

Wengi humcheka kwa ukaguzi wake, na yeye hucheka nao. Lakini lile neno "tazama tena" lilitoka mahali, naye ameniruhusu niseme wapi. Katika mwaka wake wa tatu kazini alikuwa mshika kamba wa chini, kama mimi sasa. Mwenzake alikuwa mpandaji. Kabla hajapanda alimuuliza kama kila kitu kiko sawa, na Mzee, kijana wakati huo, akatupa jicho mara moja na kujibu, "Sawa." Mkia wa kamba haukuwa na fundo. Mwenzake aliposhuka, kamba ilimwishia hewani, ikachomoka, naye akaanguka mita nne na kuvunjika miguu yote miwili.

Mwenzake huyo ndiye Mtunza Stoo wetu, yule mwenye fimbo na mizaha mingi. Hajawahi kumlaumu Mzee mbele yetu, ila kumchokoza ni kila siku. "Huyu bwana," husema, "alitazama mara moja tu maisha yake yote, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu." Mzee hujibu, "Ndiyo maana nakuchemshia chai mpaka leo," na kweli humchemshia. Lakini tangu siku ile hakuna aliyepanda mti katika kitengo hiki bila Mzee kumpitishia mkono, tangu kofia hadi mkia wa kamba, mara mbili. Katika miaka thelathini hajaanguka mtu mwingine. Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa, na hayana cheti.

Mwaweza kujiuliza basi kwa nini alistahili kustaafu miaka miwili iliyopita na akaomba kuongezewa muda, mara mbili. Sisi tulidhani anaipenda kazi. Mkewe ndiye aliyeniambia ukweli, siku ya harusi yangu, akiwa amenishika mikono. "Mwanangu, nimeshaiandaa nyumba, nimeshapanda mboga, mume sina. Anasema hatoki mpaka aone jicho jingine linalotazama kama lake. Hataki kuwaachia watu wasemao 'sawa'." Nilirudi kuketi kando ya bwana arusi wangu, nikamtazama shingo yake, mabega yake, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: Mzee akiondoka, ni nani atakayemtazama huyu?

Wiki iliyopita tuliitwa kuondoa tawi lililokauka juu ya paa la maktaba. Mti ni mkaratusi mkubwa, uliosimama ukingoni mwa mtaro. Mzee akasema huo anaupanda mwenyewe, wa mwisho, kwa sababu ndio mti wa kwanza aliopanda kazini. Tulining'inia wawili, mimi na mume wangu, kama siku ile. Panda ikashika. Mzee akavaa hanesi, akafunga fundo lake la kushika, akasimama akiangalia juu kwa muda mrefu, uso umejaa kumbukumbu. Zamu ya kumkagua ilikuwa yangu. Kofia, sawa. Mikanda, sawa. Karabina zote mbili zimefungika. Fundo limezungushwa inavyotakiwa. Nikarudia tangu mwanzo, kama alivyonifundisha, na safari hii macho yangu yakaifuata kamba hadi kwenye nyasi.

Alikwisha kuinua mguu. Nikasema, na sauti ilinitoka ndogo kama ya mtoto, "Mzee, tazama tena."

Akajitazama kifuani, kiunoni, mikononi. Hakuona kitu. Nikanyoosha kidole kwenye mkia wa kamba yake. Haukuwa na fundo.

Mume wangu, aliyekuwa akiujaribu msumeno, aliuzima. Mtunza Stoo, aliyekuwa amekuja kuaga ule mti pamoja naye, aliacha kutafuna. Natamani ningeweza kuwaambia kwamba lilikuwa jaribio, na wapo walioanza kusema hivyo. Mzee mwenyewe alikataa. "Nimesahau," alisema. "Nilikuwa nautazama mti." Akainama, akalifunga fundo la mkiani, akalikaza kwa mguu, akanitaka nilitazame. Nikalitazama. Akaniambia nitazame tena. Ndipo akapanda.

Akalikata lile tawi vipande vipande, na tukavishusha kwa kamba bila hata kigae kimoja kupasuka. Wakati wa kurudi upepo ulimsogeza upande wa mtaro, ambako ardhi iko chini zaidi. Akashuka, akashuka, kisha akasimama hewani ghafla. Kamba ilikuwa imekwisha. Lile fundo la mkiani lilikuwa limegota kwenye fundo la kushika, chini ya mkono wake, na chini yake palikuwa na zaidi ya mita tatu za hewa na saruji ya mtaro.

Mzee alining'inia pale, anajizungusha polepole, analiangalia fundo dogo kama ngumi ya mtoto mchanga. Mume wangu alikwenda mbio kuleta ngazi. Na Mtunza Stoo akasogea hadi ukingoni kwa fimbo yake, akamwambia, "Sasa umeshaona kunavyoonekana kutokea huko juu. Rudi nyumbani, kaka. Wanatazama."

Mzee alicheka mpaka kamba ikatikisika. Alipofika chini alivua hanesi, akaikunja, akanikabidhi kitabu chake cha ukaguzi wa kamba mbele ya wote. Kesho yake saa mbili asubuhi alipeleka barua ya kustaafu, kwa mwandiko ule ule, na kwa mara ya kwanza mkurugenzi alisikitika kujibu.

Ahsante, Mzee, kwa kila kamba uliyoikata ili sisi tusikatike. Ahsante kwa pete iliyoshuka mara mbili. Mama, mkeo, ametuma ujumbe kwamba mboga zimeshaanza kuliwa na wadudu, basi nenda, una kazi ya kutazama huko. Tunakuombea siku ndefu zenye kivuli, magoti yasiyouma, na chai uliyochemshiwa na mtu mwingine. Kuhusu sisi usiwe na wasiwasi. Kila asubuhi, kabla mume wangu hajaiacha ardhi, nitampitishia mkono tangu kofia hadi mkia wa kamba, mbele ya watu wote na bila aibu. Kisha nitatazama tena.