Shangazi Aliyeboronga Mara Moja Tu

Ifikapo tarehe 30 Juni, Shangazi, mkata vioo wetu, atastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja. Si shangazi wa damu wa yeyote hapa, lakini jaribu kumwita jina lingine uone kama utapewa chai.

Aliingia akiwa mfagiaji wa vigae vya vioo, akaishia kuwa fundi mkuu. Hata kioo cha meza ya duara, ambacho mafundi wengi hukikimbia, yeye hukipiga mstari, hukigonga kidogo kwa chini, nacho kinatii.

Lakini kilichomjulisha mtaa mzima ni neno moja: umeboronga. Ukivunja kioo, umeboronga. Ukizidisha majani ya chai, umeboronga. Mkwe wake alipompa mtoto jina bila kumuuliza, naye kaboronga. Tulijifunza kulipima neno hilo kwa sikio. Likitoka kwa kelele na kicheko, umeshasamehewa. Likitoka polepole, kaa mbali na nyundo. Na ukiboronga kweli halafu asilitaje kabisa, akuulize tu hali ya nyumbani kwa adabu, basi anza kutubu.

Alikuwa na sheria yake: aliyevunja kioo ndiye atakayebeba kinachofuata, papo hapo, kabla woga haujamwingia mikononi.

Aliyenufaika zaidi na sheria hiyo ni Twiga, mbebaji wetu, mtu mwema ambaye viwiko vyake hufika mlangoni kabla yake. Mwaka ule saluni ya ng'ambo ya barabara ilipoagiza kioo cha ukuta mzima, Twiga alikuwa anavunja mfululizo, na meneja alishatangaza mbele yetu sote kwamba akivunja kingine, kazi hana. Mkewe ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mapacha. Shangazi akamweka Twiga mbele, yeye akashika nyuma. Wakavuka barabara kwa mwendo wa bibi harusi. Kioo kikafika salama, kikasimama ukutani, na meneja akageuka kumpa mkono mwenye saluni.

Hapo Twiga akajinyoosha kwa furaha. Kiwiko kikagonga ngazi, ngazi ikaangukia dirisha la saluni. Vigae havijamaliza kudondoka, Shangazi akapaza sauti kwamba aliyeboronga ni yeye mwenyewe. Meneja akapiga hesabu. Angemfukuza, nani angekata dirisha jipya? Twiga alifungua mdomo aseme ukweli. Shangazi akamkanyaga mguu.

Jioni ile Twiga alilia nyuma ya stoo, na sisi tuliomwona tulitokwa na machozi pia. Shangazi hakumbembeleza. Alimvuta hadi mezani kwake akaanza kumfundisha kukata. Leo nusu ya madirisha ya mtaa huu yamekatwa na Twiga, ingawa viwiko bado ni vilevile.

Haya yote meneja wetu mpendwa anayasoma leo kwa mara ya kwanza, pamoja na ninyi.

Shangazi, ahsante kwa vioo, kwa chai, na kwa kumkanyaga mwenzetu. Uishi vizuri, magoti yasikusumbue, wajukuu wakusikilize. Kuhusu Twiga, ondoa shaka: jana meneja alitia saini kwamba meza yako sasa ni yake, na jarida hili tulilizuia lisichapwe mpaka wino ulipokauka.