Kidole Kilichoanzia Katikati

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Daktari Mkuu, Muuguzi Mkuu na wauguzi wote mliotoka wodini kwa ruhusa na bila ruhusa, ndugu wafanyakazi wa jikoni ambao leo mmekaa mkaandaliwa badala ya kuandaa, shemeji yangu mpendwa, binti yetu, wageni waalikwa, na wewe mwenyewe mwenye shughuli, Mizani: itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemruka, anisamehe. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuzungumza na vitambaa, navyo havina vyeo.

Nimeombwa niseme machache juu ya mstaafu huyu, kwa kuwa humu ndani, ukiwaondoa mkewe na binti yake, ni mimi tu niliyemfahamu kabla hajawa mkuu wa jiko la hospitali hii. Nilikubali haraka, maana nina jambo langu. Kwa miaka mingi nimemuuliza swali moja, na kwa miaka mingi amenijibu kwa kunipakulia chakula. Leo kipaza sauti ninacho mimi, yeye kakalishwa kiti cha mbele, na mlango uko upande wangu.

Tuanze na vita. Wengi wenu mnadhani askari huyu alitekwa akirusha risasi. Alitekwa akikoroga maharage. Tulikuwa jiko la kikosi, yeye mpishi, mimi msaidizi wake wa kubeba sufuria. Amri ya kurudi nyuma ilipotolewa, kila mtu alirukia gari, yeye akafunua sufuria, akaonja, akasema, "Bado kidogo." Nikamwambia, "Kaka, adui yuko pale darajani." Akanijibu, "Na watu wangu huko waendako wakale mabichi?" Ndugu zangu, nani mwingine ila mpishi angefanya kosa la namna hiyo? Maharage yaliiva vizuri sana. Waliyala waliotuteka, na mmoja wao akalalamika kuhusu chumvi. Mizani alichukizwa na lile la chumvi kuliko alivyochukizwa na pingu.

Tukiwa mateka, tulifungiwa katika bohari ya zamani ya sabuni, watu wengi, mkate kidogo. Hapo ndipo alipopata jina lake. Mkate ukiletwa, yeye ndiye aliyekata, akavipanga vipande kwa mstari juu ya ubao. Kisha mwenzetu mmoja tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia, aliuelekea ukuta, mgongo kwetu. Mizani alikigusa kipande cha kwanza kushoto, akauliza, "Cha nani?" Redio, bila kuona, akataja jina. Kilichofuata, jina jingine, hadi mwisho wa mstari. Nani angesema ameonewa, na aliyegusa hakuchagua jina, na aliyetaja hakuona kipande? Tena Redio alikuwa na utaratibu wake: kila siku alianza kutaja wagonjwa ili wale kwanza, na mgonjwa wa kwanza kutajwa nilikuwa mimi. Mnaoliona tumbo hili, mjue wakati ule niliitwa Kijiti, na homa ilikuwa imenimaliza hata kusimama siwezi.

Sasa nipeni masikio vizuri. Siku moja likaja lori la kubadilishana majeruhi. Lilijaa watu wa mabohari mengine, ikabaki nafasi moja, na afisa wao akatuambia tuchague upesi, wenyewe, nani aondoke. Ni wangapi walioitaka nafasi ile? Sote. Mizani naye aliitaka, tena kuliko wengi, kwa maana askari aliyetekwa baada yetu alikuwa amemletea habari kwamba mkewe amejifungua binti, naye hajamtia machoni. Tukakubaliana tufanye kama tunavyofanya na mkate. Mizani akakata, akachomeka kifungo cha shati ndani ya kipande kimoja, akapanga mstari wake. Atakayekipata kifungo ndiye atakayepanda lori. Mtaniuliza, mbona alikichomeka yeye mwenyewe? Kwa sababu alikuwa Mizani. Nani angemshuku?

Redio akauelekea ukuta. Mimi nilikuwa nimelazwa pembeni, macho kwenye ubao. Na kidole cha Mizani, ambacho siku zote kilianzia kushoto, siku ile kilianzia katikati. "Cha nani?" Redio akajibu kama kawaida yake, "Cha Kijiti." Nikauma mkate, jino likagonga kifungo.

Bohari nzima ilikiona kidole kilipoanzia, isipokuwa Redio. Watu waliokuwa wakigombea makombo asubuhi ileile, watu ambao kila mmoja wao alikuwa na nyumba ya kurudi, walinyamaza. Wakaninyanyua, wakanipakia. Nilifika nyumbani, nikatibiwa, nikapona, nikanunua cherehani. Mizani alirudi vita vilipokwisha, na binti yake, huyu muuguzi aliyekaa pale, alijificha nyuma ya kabati akamwambia mama yake kuna mtu sebuleni. Alikuwa ameshajua kukimbia na kusema, na baba yake hakuwa ameyaona hayo. Kila binti huyo aliponiita baba mdogo nilifurahi, na papo hapo moyo uliniuma, kwa sababu nilijua ni nani aliyekalia kiti cha baba yake kwenye lori.

Mengine mnayajua kuliko mimi. Mheshimiwa Mkurugenzi, ulipoleta wageni wako wakubwa ukaomba nyama ya ziada, si ulipewa kipande sawasawa na cha mgonjwa wa kitanda cha mwisho? Ukanuna kidogo, ukala. Hata likizo za wapishi alizigawa huku mmoja wao kaelekea friji. Nyumbani kwake keki ya wajukuu haiguswi mpaka mtoto mmoja ageukie kabati. Amegawa kwa haki maisha yake yote, na mimi nasema mbele yenu kwamba mara moja tu aligawa vibaya, nami ndiye niliyefaidi.

Lakini kila nilipomuuliza, "Kaka, ulifanya makusudi?" alinijibu, "Bahati yako tu. Ongeza mchuzi." Leo sitaki mchuzi. Nataka kujua kama uhai huu niliuokota au nilipewa, kwa sababu bahati haina mtu wa kumshukuru, na mimi nimechoka kutembea na asante isiyo na mwenyewe. Mizani, ulidanganya siku ile, au hukudanganya?

Naona anaangalia dari. Mnamwona wenyewe, mtu aliyesimama mbele ya mizinga anakimbilia kwenye dari. Haya, nitasubiri, chakula tumeshakula, hakuna kinachoungua jikoni.

Shemeji, unasimama? Mpisheni shemeji. Hapana, kipaza sauti hakihitaji, sauti yake mimi naijua.

Kwa mliokaa nyuma na hamkusikia, shemeji anasema hivi: "Aliniambia wiki ileile aliyorudi, akiogopa nitamkasirikia. Nikamwambia, ungekuja na lori lile ukamwacha yule kijana akifa, nisingekufungulia mlango."

Binti naye anaitikia kwa kichwa. Kumbe nyumba nzima mlikuwa mnajua, na mimi mlinilisha mchuzi tu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nilikuwa nimejiandaa kusema mengi zaidi, lakini macho haya yananitia aibu mbele ya watu. Shemeji, asante. Binti yangu, asante. Ndugu zangu nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Naomba mnipishe njia hapo katikati ya meza. Kaka yangu amesimama, na mikono yake iko wazi.