Mdogo Wangu Bluma na Walimu Waliochana Kola

Marehemu Mwalimu Bluma Zhitlin alizaliwa Bobruisk tarehe 3 Machi 1889, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Note, mshona buti, na mama Genesye. Wa kwanza ni mimi, Hode, ninayesoma wasifu huu. Dada yake wa pekee, tusikilizane hapo.

Tulifika Brooklyn mwaka 1903. Mimi nikaingia kiwanda cha blauzi, yeye shule. Mtihani wa ualimu wa kuzungumza ulimwangusha mara mbili. "Lafudhi yako ni ya Kiyahudi mno," watahini walimwambia. Mara ya tatu, mwaka 1911, walikosa sababu. Akafundisha darasa la tatu, na kila mtoto akampenda. Hata paka niliyemlisha mimi alilala miguuni pake.

Mwaka 1916 alijiunga na chama cha walimu. Vikao vilifanyika jikoni kwangu. Walimaliza samaki wangu wa chumvi huku wakimwita "dada" mbele ya macho yangu! Mkuu wa shule akamwita: "Nyinyi Wayahudi ndio wachochezi. Taja wenzako, ubaki na kazi." Hakutaja hata mmoja. Akafukuzwa, akaja kushona kando yangu miaka miwili. Mniwie radhi, sijapata kufurahi vile tena. Kisha chama kikampigania hadi akarudishwa darasani, kikanirudishia ukiwa wangu.

Hakuolewa. Mchumba wake Leyzer, mfamasia, alisubiri vikao viishe, akachoka, akaoa jirani.

Figo zilianza kumsumbua Aprili mwaka huu. Kila nikifika hospitali, kiti cha kando yake kimekaliwa na mwalimu wa chama. "Samahani mama, zamu yako saa kumi." Zamu? Mimi wa damu nipangiwe zamu? Bluma alicheka mpaka akakohoa: "Dada Hode, wivu utakuua kabla yangu!" Aliaga dunia jana asubuhi, Jumapili, tarehe 14 Novemba 1937.

Leo nimechanwa kola ya nguo, kama mila yetu Wayahudi inavyotaka kwa ndugu wa damu wa marehemu. Kugeuka, walimu wote wamechana zao! Nikamvaa Mwalimu Pesl Vaynberg pale mlangoni: "Nani kawaambia nyinyi ni ndugu zake?"

Akasema, "Mama Hode, jina alilotakiwa kulitaja lilikuwa langu. Nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo wanne."

Nikamwachia mlango apite, na hasira ninayo mpaka sasa.

Marehemu ameacha dada mmoja, Hode, na ndugu wote hawa wenye kola zilizochanika. Haya, nimesema. Lakini koleo la kwanza la udongo ni langu, asiliguse mtu. Lala salama, mdogo wangu.