Ushanga wa Mama Apolline Urudi Shingoni

Mama Apolline Masika alizaliwa Butembo tarehe 12 Machi 1957, mutoto wa kwanza wa mulimaji Sivanzire. Alibatizwa Mukatolika. Shule alifika mwaka wa tatu wa primaire, akaitwa nyumbani alee wadogo wake.

Aliolewa na muzee Kambere tarehe 7 Agosti 1976. Walishuka Goma, wakajenga Ndosho. Aliuzisha sambaza sokoni, samaki wadogo wa ziwa letu, akasomesha watoto, Luc na Charline.

Tarehe 19 Oktoba 2014 watu wa Krishna wa Ndosho, dini yenye ilitoka India, walimupokea kwao. Waliwasha moto, akatupa nafaka ndani, akaapa: hatakula nyama wala samaki, hatakunywa pombe. Mwalimu wao akamupa jina, Yamuna Dasi. Dasi ni mutumishi. Shingoni alivalishwa ushanga wa tulasi, muti wao mutakatifu. Ukivaa ule, unazikwa nao.

Kesho yake aliacha sambaza, akauzisha maharagi. Wenzake wa soko wakamucheka:

"Mama Luc, sambaza zimekukosea nini?"

"Muziulize. Zinanishukuru."

Alipika bila kuonja, juu Mungu ndiye anaonja wa kwanza. Siku moja mimi, bwana wake, nilimwambia: "Mama, leo Mungu amekula chumvi mingi." Alicheka mupaka akakaa chini.

Mimi nilibaki Mukatolika. Hakunisukuma hata siku moja.

Sukari ilimushika 2021. Alikufa tarehe 14 Novemba 2025, hospitalini, binti yake Charline akiwa kando. Hakuomba achomwe moto kama Wahindi. Aliomba ushanga tu.

Na huo, mudogo wake Paulin aliukata na wembe, pale morgue, chumba cha maiti. Akasema: "Dada yangu hatazikwa na hirizi."

Hirizi! Paulin, nilikuambia urudishe. Ukajibu: "Muzee, wewe unajua nini? Nyamaza."

Sinyamazi. Mutu aliapa akiwa na akili zake. Kiapo alikishika mupaka kitandani, alikataa hata supu ya kuku. Wewe ulimushinda akiwa maiti. Huo si ukristo, ni woga.

Ushanga uko mufukoni mwako. Charline ameshika uzi mupya. Jeneza liko wazi, na hakuna mutu atapiga musumari mupaka urudi shingoni. Mvua inyeshe, padri aende zake, mimi niko hapa.

Anaacha mimi, bwana wake Kambere, watoto Luc na Charline, mujukuu Bénie, na wewe, Paulin, ndugu yake.

Apolline Masika, Yamuna Dasi, alale kwa amani, akivaa kilicho chake.