Gauni Lililobaki Msumarini

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, wakili wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha msaada wa kisheria. Wateja humwita Mama Rudisheni, kwa kuwa ndilo neno alilowazoesha majaji kuiambia wizara ya uhamiaji: rudisheni faili, mkaamue upya.

Kazi yake ilikuwa kuipeleka wizara mahakamani kila ilipomnyima mtu viza ya ulinzi, ile ya waliokimbia hatari kwao, kinyume cha sheria. Sisi vijana wake alitusimamisha karibu na birika tusome uamuzi wa wizara kwa sauti, kabla hata ya kuvua koti. Alisema macho huzoea upuuzi, masikio hayazoei. Aliyeruka mstari alianza upya, chai ikapoa.

Ndivyo tulivyosikia kwamba fundi cherehani mmoja, aliyekimbia kwao baada ya duka lake kuchomwa na kaka yake kuuawa, amekataliwa kwa sababu, akiwa daktari wa meno, atapata kazi mji wowote wa nchi yake. Aya nzima imenakiliwa kutoka uamuzi wa mtu mwingine! Wakili wa wizara akathubutu kuiita hitilafu ndogo. Mama akamwuliza kama siku hizi meno hushonwa kwa cherehani. Jaji alicheka, sisi mbavu hatuna. Fundi hakucheka, iliyokuwa hatarini ni shingo yake.

Tukashinda. Lakini mahakama haitoi viza. Hubatilisha uamuzi na kuurudisha kulekule ulikotoka. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Ofisi ileile ikamkataa tena, safari hii eti alipohojiwa hakuonekana kuogopa. Walitaka atetemeke kiasi gani? Inatia hasira, na hatuoni haya kulisema hilo kwenye sherehe. Tumefungua kesi upya, na inasikilizwa Jumatatu, Mama akiwa ameshakabidhi funguo.

Fundi alimshonea gauni la kuagwa nalo. Mama akalijaribu, likamkaa sawasawa, kisha akalitundika msumarini nyuma ya mlango wa ofisi. Leo amekuja amevaa suti yake ya mahakamani. Gauni atalivaa siku fundi atakapopata viza, si kabla.

Mama Rudisheni, asante kwa kutufundisha kukasirika kwa utaratibu. Tunakutakia afya, usingizi mnono na wajukuu wasumbufu. Mapumziko hatukutakii, maana Jumatatu tunajua tutakukuta mahakamani, benchi la nyuma. Gauni tutalipangusa vumbi sisi. Aibu ya vumbi hilo ni ya wizara.