Mama Mkwe na Mwalimu wa Simu

Ndani ya basi, muuza viatu alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake, mwanamke kijana alikuwa akigombana na mama mkwe wake.

“Mama, nani kajibu maswali kwenye simu yangu?”

“Nilikusaidia, mwanangu. Hiyo akili bandia yako ya kufundisha kushona inauliza vitu vyepesi mno!”

“Ilikuwa inanipima! Sasa inadhani mimi fundi mkubwa, inanifundisha kushona makoti. Mtihani wa kushona ni leo, na hata kifungo sijui kukishikiza!”

“Lakini imesema una kipaji.”

“Mwenye kipaji ni wewe!”

Muuza viatu alikohoa kuficha kicheko chake. Basi likasimama mlangoni pa chuo cha ushonaji.

“Basi shuka wewe, mama, ukafanye mtihani.”

Mama mkwe alikuwa keshasimama, anatafuta miwani.