Gauni la Siku ya Kawaida: Maisha ya Teodora Masalu Machibya

Baba Paroko, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Shirati, mafundi wa Nyakato, akina mama wa mwalo wa Igombe na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, poleni kwa safari na poleni kwa jua, maneno mtakayosikia ni yangu mimi Kabula, bibi mzaa baba wa marehemu, na anayeyasoma ni Shimba, binamu yake, kwa kuwa mimi darasa sikulijua, ila nimemwambia asome kama nilivyosema, asininyooshee.

Teodora alizaliwa hapa hapa Igombe tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa kwanza na wa pekee wa mwanangu Masalu Machibya, mvuvi, na mkewe Dorcas, mwanika dagaa, alizaliwa mama yake akiwa ametoka kwenye chanja muda si mrefu, mkunga akasema huyu mtoto ananukia ziwa hata kabla ya kuoshwa, Dorcas akajibu akiwa bado amelala, basi hatapotea, popote atakapokwenda watu watajua kwao ni wapi.

Dorcas alikuwa na gauni moja zuri, rangi ya ziwa la asubuhi, lenye kola ya duara, alilonunuliwa na mumewe mwaka ambao sangara walikuwa na bei, akalikunja, akalilaza chini kabisa ya sanduku, na kila siku ya Mungu akavaa blauzi ya mtumba iliyoandikwa kifuani maneno ya nchi za watu ambayo hakuna aliyejua yanamtukana nani, na Teodora akimuuliza, mama, lile utalivaa lini, anajibiwa, tulia, lina siku yake. Siku yake ikafika tarehe 2 Septemba 1996, homa ilimchukua Dorcas haraka mno, tukamvalisha gauni lile mimi na dada yake, na mtoto wa miaka kumi na miwili amesimama mlangoni anatutazama, akasema kwa sauti ambayo hata sasa hivi ninaisikia, bibi, kwa nini mnamvalisha leo wakati hawezi kujiona.

Ninawaambia hili mapema ili msinipotee huko mbele, kwa sababu kuanzia siku ile mjukuu wangu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, amwone mwanamke wa mwalo huu amevaa gauni zuri katika siku isiyo na jina, siku ya kuanika dagaa tu, akiwa hai, akiwa anajiona.

Alisoma shule ya msingi hapa Igombe kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akaendelea na sekondari mjini Mwanza hadi kidato cha nne mwaka 2002 akikaa kwa shangazi yake, na huko sifa yake haikuwa hesabu wala Kiingereza, ilikuwa kupunguza na kuongeza sketi za wenzake kwa sindano ya mkono, mpaka mwalimu wa zamu akamwita mbele akamuuliza, Teodora, wewe umekuja kusoma au kushona, naye akajibu kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, mtu aliyebanwa kiunoni somo halimwingii. Alichapwa, lakini wiki iliyofuata mwalimu yuleyule alileta sketi yake. Mwaka 2003 na 2004 alisoma ushonaji katika chuo cha ufundi mjini, akamaliza vizuri, nikauza ndama nikamnunulia cherehani ya kukanyaga.

Mwaka 2005 aliweka cherehani hiyo kwenye baraza la duka pale Mirongo, na wote mnawajua mafundi wetu walivyo, ukienda Ijumaa anakwambia kesho, ukienda kesho anakwambia umeme ulikatika, hata kama cherehani ni ya kukanyaga, ila Teodora akisema Ijumaa ilikuwa Ijumaa, wateja wakaanza kuambizana, na mmoja akaenda kwenye harusi Dar es Salaam na gauni la Mirongo, watu huko wakaacha kumtazama bibi harusi.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa katika kanisa la Bujora na kijana wetu Josephat Okech, fundi wa mashine, mtu wa Shirati, ambaye alikuwa akilalamika kwa kucheka kwamba mke wangu ananipima mabega kwa macho kabla hajanisalimia, na Mungu akawajalia watoto wawili, Favour aliyezaliwa tarehe 9 Februari 2012 na Yakobo aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2015, wapo pale mbele, mkiwaona wamenyamaza msidhani hawana cha kusema.

Mwaka 2013 alipeleka nguo zake kwenye maonyesho ya mavazi Dar es Salaam, na kutoka pale jina lake likawa kubwa, dada Sharon mwenye duka la nguo kule Masaki akaanza kuziuza, gauni likiwa na jina zima shingoni, Teodora Masalu, bitana ya hariri, shanga zilizotiwa kwa mkono, vifungo vya pembe za ng'ombe vilivyong'arishwa mpaka huwezi kuamini vilitoka machinjioni, na kuna mama mmoja alikuwa anapanda ndege asubuhi kuja kupimwa Mwanza na kurudi Dar mchana. Nilimuuliza, mjukuu wangu, mbona ukirudi kutoka huko hufurahi, akanijibu, bibi, wale wateja ni wazuri wala sina neno nao, ila nikishika mkasi ninamwona mama, kila gauni ninalokata ninamkatia yeye, halafu nikimaliza ninaona yeye asingeweza kulinunua.

Basi tarehe 4 Mei 2019 alifungua karakana Nyakato na kuanzisha nguo za jina la pili, gauni lilelile la matajiri, mkato uleule wa bega na kiuno, ila ameondoa hariri na shanga, vifungo ameweka vya plastiki, kitambaa ni pamba nzito isiyoogopa sabuni ya mche, na badala ya kumpima mtu mmoja mmoja akapanga saizi, ndogo, ya kati, kubwa na ya mama mwenye nyumba, zikakatwa nyingi kwa mpigo, bei ikashuka ikakaa sawa na gauni la mtumba la daraja la kwanza, kisha akaongeza kitu ambacho matajiri hawakuwa nacho, mifuko miwili mirefu ya chenji na simu, na mikono inayokunjwa na kufungwa kifungo ili isiteremke mtu akiinamia dagaa. Lebo yake aliiandika Mwaloni, yaani hapa ufukweni mitumbwi inapotua.

Dada Sharon yupo hapa, amenipa ruhusa niseme, alipiga simu siku ile kwa hasira, akamwambia, Teodora, wateja wangu watavaaje mkato mmoja na wauza dagaa, utaliua jina lako, na Teodora akamjibu taratibu, dada, mteja anayeogopa kufanana na mama yangu, mwambie atafute fundi mwingine. Walinuniana mpaka Krismasi. Waliondoka wateja wachache, jina halikufa.

Siku alipoleta magauni hapa mwaloni mara ya kwanza, mnakumbuka ninyi mliokuwepo, mlisimama mbali kana kwamba linauzwa jeneza, mmoja akauliza, Teodora, hujakosea njia, haya si ya Masaki, na Mama Otuoma, mwenyekiti wa waanika dagaa, akalinyakua moja, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wote, akatangaza kwa sauti ya mnada, jamani, hata ndani kumeshonwa, na kabla jua halijapanda yalikuwa yamekwisha. Mjukuu wangu alirudi nyumbani anaimba.

Wiki iliyofuata akaja kuyatazama. Alikaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, na chupa ya chai, akaangalia wanawake wakija na ndoo na tandiko, na kila mmoja alikuwa amevaa kanga iliyopauka na blauzi ya mtumba kama jana na juzi, hakuna Mwaloni hata moja. Akasema labda wanasubiri Jumapili. Jumapili kanisani hakuna. Akaja tena mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata, kila akipata nafasi anakaa juu ya mtumbwi uleule, na magauni yakiletwa yananunuliwa, na yakinunuliwa hayaonekani, ni kama anayatupa ziwani. Mimi la kwangu nililivaa mpaka shambani, watu wakanitania, bibi Kabula, leo mihogo inaolewa, lakini nilipojitembeza mbele yake akacheka kidogo akasema, wewe bibi huhesabiki, wewe ni damu.

Hakuwauliza. Angewauliza yangekwisha, lakini mtu aliyetoka ufukweni akapata jina anaogopa kuuliza wa kwao, kwa nini hamnivai, akajijibu mwenyewe, akaniambia, bibi, wananunua kwa kunionea huruma, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Dorcas, halafu wanawauzia watu wa mjini.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na uvimbe kwenye titi, mwezi Januari 2024 madaktari wakathibitisha kuwa ni kansa, akatibiwa katika hospitali ya rufaa hapa Mwanza na baadaye Dar es Salaam, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi, na wakati wote huo alikuwa akienda Nyakato na gauni lake la Mwaloni, kitambaa kichwani, anawaambia mafundi, nywele zitaota, nyie malizeni mapindo.

Mwezi Aprili mwaka huu Mama Otuoma alikuja kumjulia hali, na Teodora, akidhani ni muda wa kuagana vizuri, akamwambia, mama, Mwaloni ninaifunga, nilijitahidi, hamkuyapenda, sina kinyongo. Mama Otuoma akaweka kikombe chini. Akasema, nani hakuyapenda, wewe mtoto una wazimu, nani. Akashusha sauti, maana alichotaka kusema hakisemwi, kwa wageni nieleze, kwetu hapa ufukweni mwanamke mtu mzima huiweka nguo yake ya mwisho, ile atakayozikwa nayo, haionyeshi, haitaji, anayejua ilipo ni mmoja tu atakayemvalisha, kwa sababu ukiitaja ni kama unakiita kifo, na ndiyo maana hata mimi niliyeishi nao sikujua. Akasema, Teodora mwanangu, mimi nina wanne wa kuwavalisha siku yao ikifika, na wote wanne wameniambia gauni ni Mwaloni, liko sandukuni, na langu liko hukohuko, hatujawahi kuwa na nguo nzuri namna ile, tungelipakaje magamba.

Mjukuu wangu alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo, nikadhani bado anacheka, kumbe analia, akasema, mama yangu alifanya hivyohivyo, nimezunguka dunia nzima nimerudi kwenye sanduku lilelile. Halafu akamshika Mama Otuoma mkono, akamwambia, yatoeni, nitakuja kuwaona, msiogope magamba, pamba ile niliichagua kwa ajili ya magamba. Wakakubaliana Jumamosi, tarehe 7 Juni, wanawake wote watatoka nayo kazini, naye Okech atamleta na gari mpaka kwenye mtumbwi wake.

Ijumaa jioni alizidiwa, akarudishwa hospitali, na Jumamosi asubuhi wanawake walikuwa hapa, wamevaa, wametazama njia mpaka dagaa wakakauka, kisha wakaenda kuyavua, wakayakunja, wakayarudisha, maana aliyeyaita hakuja. Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, alfajiri, Teodora alifariki dunia akiwa na miaka arobaini na mmoja, mumewe amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali, bibi, walivaa, nami nikamwambia, walivaa mama, wote, akaniuliza, walipendeza, nikamwambia, ziwa lilisimama kutazama.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, wengine wakamwita dada, ninawashukuru majirani wa Nyakato na Igombe mliotuletea kuni, maji na kimya, mafundi wa karakana mliofunga mashine wiki nzima, dada Sharon uliyesafiri, wakwe zetu wa Shirati, na Baba Paroko, kwa Kisukuma chetu, wabeja sana.

Ila sijamaliza. Leo ninawaona akina mama mmekuja na Mwaloni, mmejaa uwanja mzima, mikunjo ya sandukuni bado imesimama tumboni, mnanukia sanduku, mmependeza, lakini leo siyo siku aliyoitaka, leo ni msiba, leo ina jina. Mimi na Mama Otuoma ndio tuliomvalisha jana, na ninyi msioona ndani ya jeneza jueni kwamba hakuwa na gauni lililowekwa popote, tumemvalisha lile la kazini, chaki ya kukatia iko begani, mafuta ya cherehani yako mfukoni, tumelifua mara mbili hayakutoka, tukaona yabaki.

Msiende kuyakunja. Jumatatu mitumbwi inaingia kama kawaida, dagaa watakuwa wengi kwa kuwa mwezi sasa unachelewa kutoka na taa zinawavuta gizani, siku haina sikukuu wala mgeni, nami nitatangulia niketi juu ya mtumbwi wake na chupa ya chai, na la kwangu limekwisha viwiko lakini nitalivaa.

Lala sasa, Teodora wa Dorcas, amani ikushike huko ulipo, umechoka, pumzika, Jumatatu nitawatazama kwa niaba yako.